Zamu ya Darcy

Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, kabla Kel Prowse hajaanza kuimba, Vesna, mwenye baa ya Hoteli ya Reli, alikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia mhudumu yeyote. Alilitoa koti kwenye msumari wa karibu na mlango wa pembeni, akalikung'uta vumbi, akalitundika mgongoni mwa kiti kimoja cha dirishani, na ole wake mlevi ambaye angethubutu kukikalia. Lilikuwa koti la kazi, jeusi, la sufu nzito, limechakaa mabegani. Ndiyo makoti waliyovaa watu wa kiwanda cha chuma zamani zile, wakati kiwanda kilipokuwa kikilisha karibu kila nyumba ya mji wa bandari wa Port Kembla. Wageni waliokuja kutoka Sydney walipenda kulipiga picha. Walidhani ni koti la Marlene.

Hapakuwa na Marlene. Kama Kel angelisema hilo mapema, angewapunguzia watu maneno mengi.

Maana wimbo ule ulisemwa mpaka ukasemeka. "Marlene, Zamu Yako" ulitoka mwaka 1977, na tangu hapo sijui kama ilipita wiki redio isiupige. Waliupiga harusini, waliupiga kwenye fainali za raga, waliupiga wakichoma soseji nyuma ya nyumba huku nzi wakiwasumbua. Ukifika kwenye kiitikio, baa nzima huinua glasi tupu, midomo ya glasi chini, na watu hupayuka hadi mishipa ya shingo iwatoke: "Zamu yako, Marlene! Bado nakungoja!" Kisha hucheka, hukumbatiana, hununuliana bia nyingine.

Na kila mtu alikuwa na tafsiri yake. Mtangazaji mmoja wa Melbourne alisema Marlene alikuwa mhudumu wa baa aliyetoroka na dereva wa lori. Mhadhiri mmoja, mwenye nafasi kuliko mimi na wewe, aliandika kwamba Marlene si mtu bali ni tabaka la wafanyakazi. Wengine waliapa kuwa ni dawa za kulevya. Na Marlene wa kweli walijitokeza, tena zaidi ya mmoja. Wa mwisho alikuja na mumewe, mume amekunja mikono ya shati tayari kwa ngumi. Kel aliwanunulia wote wawili bia, na wakaondoka marafiki. Alipoulizwa na waandishi, alijibu, "Wimbo ni wa anayeusikia," jibu ambalo husifiwa sana na watu wasiojua kuwa limetokana na aibu.

Ukweli ulikuwa mdogo kuliko tafsiri zote hizo, na kwa Kel ulikuwa mzito kuliko zote.

Kel na mdogo wake Darcy walikuwa watoto wa dereva wa kreni pale kiwandani. Wazazi walipofariki, kila mmoja kwa wakati wake, waliwaachia chumba kimoja cha kupanga na koti moja. Koti walilivaa kwa kupokezana. Darcy alitoka zamu ya usiku akilivua langoni, Kel akaingia zamu ya asubuhi akilivaa lingali na joto la mwenzake. Wafanyakazi wenzao waliwatania, "Nyie wawili mkija kuoa mtamwoa mmoja?" Darcy alikuwa akijibu kuwa mwanamke hatamgawa, ila koti ni mali ya ukoo.

Walikuwa na mpango wao. Wangekwenda Kalgoorlie, huko magharibi kabisa, wakachimbe dhahabu, wanunue nyumba yenye veranda. Darcy aliutia moyoni mpango ule. Aliacha kazi kabisa, akawaaga mabosi kwa maneno ambayo hayarudishi mtu kazini.

Ijumaa ile ya mwaka 1975 walikuwa hapo hapo Hoteli ya Reli, meza ya dirishani, wao na jamaa wengine wa zamu. Baba yake Vesna ndiye aliyekuwa akimimina bia. Watu wa pale wana sheria isiyoandikwa popote: mkikaa pamoja, mnanunuliana kwa zamu, na kila mtu anajua zamu ya nani. Port Kembla unaweza kusamehewa kwa kumpiga shemeji yako. Kunywa raundi za wenzako kisha ukaondoka kabla ya yako, hilo watakuzika nalo.

Kel alikuwa na habari, na hakuwa na ujasiri wa kuisema wakiwa wawili. Akaisema mbele ya watu, kwa mzaha. Bendi yao, Tanuri, ilikuwa imepata kazi Sydney. Hatakwenda Kalgoorlie.

"Wewe tangulia tu, mdogo wangu," alisema, akimpiga Darcy begani. "Ukiipata dhahabu niletee pete. Ukikosa, niletee hata jiwe nimtupie paka."

Meza ikaangua kicheko. Darcy naye akacheka, tena akacheka vizuri tu. Kisha akazitazama glasi, zote zilikuwa tupu.

"Zamu yangu," alisema. "Ngoja."

Akavua koti, akalitundika kwenye kiti kama afanyavyo mtu anayerudi sasa hivi. Akaenda kaunta. Akaipita kaunta. Akatoka kwa mlango wa pembeni. Kel alidhani amekwenda kujisaidia, akaendelea kupiga soga. Baa ilipofungwa alikuwa bado amekaa pale peke yake, na glasi yake tupu, na koti.

Wimbo aliutunga Sydney, kwenye chumba chenye dirisha linalotazama ukuta. Uliitwa "Darcy, Zamu Yako". Kila kitu kilikuwamo: koti kwenye kiti, mlango wa pembeni, glasi kavu, na yule anayeambiwa rudi, hakuna atakayekucheka tena, njoo tu ununue raundi yako twende nyumbani. Hakuutunga ili apate umaarufu. Aliutunga kwa sababu hakujua anwani ya Darcy, ila alijua kuwa hata machimboni kuna redio.

Mwenye studio, bwana mmoja aitwaye Clive Abernethy, aliusikiliza hadi mwisho, akakuna kidevu.

"Sauti tamu. Gitaa tamu. Huyu Darcy ni nani?"

"Mdogo wangu."

"Aah, Kel! Mwanamume mzima, ndevu zote hizo, unamlilia mdogo wako baa? Redio gani itaupiga? Weka mwanamke."

"Lakini si mwanamke."

"Basi nenda kauimbe kituo cha basi. Hapa tunarekodi leo au haturekodi, kuna watu wanangoja."

Kel alikuwa na njaa, na nyuma yake vijana wanne wa bendi walikuwa na njaa kama yake, wote wakimtazama. Mlango ukafunguliwa, mama wa chai akaingia na sinia. Alikuwa mtu mzima, miguu imevimba, na kwenye aproni alikuwa na kibandiko cha jina lake. Kel akakisoma. Silabi zilitosha pale palipokuwa na Darcy.

"Marlene," alisema.

"Unataka sukari?" mama akamuuliza.

Hivyo tu. Akajituliza moyo: Darcy atajua. Jina si kitu. Nani mwingine duniani ana koti lile, kiti kile, mlango ule? Atajua tu, atarudi, tutacheka.

Wimbo ukaenda mbali kuliko alivyoota, ukampa Kel nyumba yenye veranda, kisha miaka ikamnyang'anya nyumba na veranda yake. Darcy hakurudi. Kel alikwenda Kalgoorlie mara moja, akaambiwa mtu huyo alihamia kaskazini na hakuacha habari. Bendi ilipovunjika alirudi Port Kembla, akamwomba Vesna, ambaye sasa ndiye mwenye baa, amruhusu kuimba pale Jumapili moja kila mwezi. Alitaka Darcy akija amkute mahali alipomwacha.

"Mzee, sikiliza," Vesna alimwambia siku moja, akipangusa kaunta. Alikuwa Mmasedonia, mtoto wa wahamiaji, mwenye ulimi usioogopa nywele nyeupe. "Kwetu tunasema asiyekuwepo na lake halipo."

"Lake lipo. Koti lipo."

"Koti lina nondo."

"Basi tia dawa ya nondo, Vesna, usinitie mimi maneno."

Akatia dawa. Tangu siku ile hakulizungumzia tena jambo lile, na koti akalitunza kama la kwake.

Jumapili moja ya mwezi wa saba, baridi ikitoka baharini na kupenya hadi kwenye mifupa, Kel aliingia na gitaa lake na kukuta Vesna anamsubiri mlangoni.

"Kuna mtu amekaa kwenye kiti."

"Mwondoe."

"Mwondoe mwenyewe. Mimi masikio yale siwezi kuyaondoa."

Kel hakuelewa mpaka alipofika. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nywele amezifunga nyuma, na masikio yake yamesimama pembeni kama vishikio vya kikombe. Ukoo wa Prowse ulitaniwa kwa masikio hayo tangu babu yao. Tena msichana alikuwa amejifunika koti mabegani kwa sababu ya baridi, na hakuna aliyemkataza.

"Hicho kiti kina mwenyewe, binti," Kel alisema.

"Najua. Ni cha baba yangu. Naitwa Tegan Prowse."

Furaha ilimpanda Kel ghafla mpaka akashika meza. Alitazama nyuma ya msichana, akatazama kaunta, akatazama mlango wa pembeni.

"Yuko wapi? Yuko nje anavuta sigara? Kamwambie aingie! Mwambie hakuna atakayemng'ata."

Tegan hakuinuka. Aliuweka mkono wake, wenye vidole vifupi vya Darcy, juu ya mkono wa Kel.

"Alifariki mwezi wa tano," alisema. "Mapafu. Vumbi la mgodini."

Kel akakaa. Kwa muda baa ikaendelea na kelele zake, mipira ya pool ikigongana, mtu akimtukana mwamuzi kwenye televisheni. Alikuwa amejiandaa kwa kila namna ya Darcy: aliyekasirika, aliyefilisika, aliyezeeka. Huyu wa kutokuwepo hakuwa amemwandalia nafasi. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Vesna akaleta bia mbili bila kuulizwa, akazitua, akaondoka.

"Alikuwa akiusikia?" Kel aliuliza mwishowe. "Ule wimbo. Ulifika huko?"

"Ulifika? Ba'mkubwa, mimi nimelelewa na wimbo huo! Kaseti ilikuwa kwenye gari mpaka utepe ukachoka. Aliniambia, 'Huyo anayeimba ni kaka yangu.' Nikaenda kusema shuleni, nikaitwa mwongo mpaka nikapigana."

Ile "ba'mkubwa" ilimwingia Kel kama maji ya moto kwenye baridi ile. Lakini swali lilibaki pale pale.

"Sasa kama aliusikia, mbona hakuja?"

Tegan alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Aje kufanya nini? Hakuwa yeye uliyemwita."

"Koti, Tegan! Mlango! Kila kitu kimo mle!"

"Ndicho kilichomuumiza." Alilivuta koti vizuri mabegani. "Alikuwa akisema, 'Ona kaka yangu. Alipata mpenzi, akampenda mpaka akamtungia wimbo, na hata jina la huyo mwanamke hakuwahi kunitajia. Halafu amempa kila kilichokuwa changu. Koti la baba amempa Marlene. Kiti changu amempa Marlene. Hata ule mlango nilioondokea, amempa Marlene.' Alidhani umeyachukua yote yaliyokuwa yenu wawili ukamhonga mwanamke."

Kel aliisukuma bia yake kando.

"Hakuwa na hasira nawe," Tegan aliendelea. "Usidhani. Kaka yake akiimbwa baa, alijivuna. Ila kikifika kiitikio hakuimba. Aliongeza sauti ya redio, akanyamaza, akatazama barabara. Mama alikuwa akimwambia mpigie simu basi. Akajibu, 'Ana mtu wake wa kumngoja.'" Akaigeuza glasi yake. "Nimekuja kwa sababu moja tu, ba'mkubwa. Nataka kumjua huyo Marlene. Ni nani?"

"Alikuwa mama wa chai."

"Nini?"

"Mama wa chai wa studio. Aliingia na sinia. Nilimwona siku hiyo moja. Aliniuliza kama nataka sukari."

Akamweleza yote, Clive na redio yake, vijana wenye njaa, kibandiko kwenye aproni. Hakujitetea. Tegan alisikiliza huku uso ukimbadilika, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akainamia meza, na Kel naye kicheko kikamponyoka, na waliokuwa karibu wakageuka kuwatazama.

"Baba yangu," alisema Tegan akihema, "amemwonea wivu mama wa chai maisha yake yote." Na hapo hapo, kabla hajamaliza kucheka, akalia. Kel akamshika bega juu ya koti.

"We mzee!" mtu akapaza sauti kutoka kaunta. "Utatuimbia au umekuja kutongoza?"

"Ni mtoto wangu, mpumbavu wewe!" Kel akamjibu, akainuka.

Aliimba nyimbo nyingine kwanza, zile ambazo zikiimbwa watu huendelea kupiga soga. Baa ilikuwa imejaa. Ilipofika zamu ya wimbo wenyewe, aliisogelea maikrofoni na kusema kwamba leo atauimba kama ulivyotungwa, na jina la yule aliyetungiwa. Watu wakapiga makofi na miluzi. Hakuna aliyekuwa amesikiliza. Walikuwa wakitafuta glasi zao.

Ubeti wa kwanza haukuwa na jina. Aliimba koti, aliimba mlango, na sauti yake, ambayo kwa miaka ilikuwa ya kukwaruza, ikatoka safi. Kisha kiitikio kikafika. Kel akafumba macho, akavuta pumzi yote aliyokuwa nayo.

"Zamu yako, Darcy..."

"MARLENE!" ikanguruma baa nzima, glasi juu, midomo chini. "BADO NAKUNGOJA!"

Alijaribu tena kiitikio cha pili, kwa nguvu zaidi, mpaka koo likamuuma. Wakampita kwa mbali. Hawakuwa na ubaya. Walikuwa watu waliooana kwa wimbo ule, waliozikana kwa wimbo ule, na wimbo ulikuwa wao, yeye alikuwa mpiga gitaa tu. Jina la mdogo wake lilikuwa likitoka kinywani mwake na kufia kwenye maikrofoni. Aliona uchungu ambao hakuuona hata alipoambiwa habari za kifo.

Akafumbua macho, akatazama dirishani. Katika watu wote wale mdomo mmoja tu ulikuwa ukitamka kitu kingine. Tegan alikuwa amesimama, koti limemfika magotini, glasi yake tupu juu, na alikuwa akiimba jina la baba yake. Sauti yake haikufika jukwaani. Kel aliufuata mdomo ule mpaka mwisho wa wimbo.

Aliporudi mezani jasho lilikuwa likimtiririka. Walikaa. Tegan alizitazama glasi mbili zilizokuwa mbele yao, tupu zote, povu limekauka pembeni.

Akainuka.

"Zamu yetu," alisema. "Ngoja."

Akavua koti, akalitundika kwenye kiti, akajipenyeza kati ya watu kuelekea kaunta.

Kel alifungua kinywa amwite, akajizuia. Ni msichana tu, amekwenda kununua bia. Alimwona kichwa, kisha mgongo wa jitu moja la bandarini ukamziba, kisha hakumwona kabisa. Mlango wa pembeni ukafunguka, upepo wa bahari ukaingia, mlango ukajifunga. Nani ametoka? Alinyoosha shingo. Watu walikuwa wengi mno. Alitazama koti. Mkono mmoja wa koti ulikuwa bado ukining'inia na kuyumba kidogo, kama siku ile. Yeye aliyemngoja Darcy mpaka nywele zikamwota mvi, sasa alishindwa kungoja bia mbili. Akashika ukingo wa meza ainuke akamfuate, akamwambie sitaki bia, sitaki kitu, kaa tu.

Umati ukafunguka. Tegan akatokea kiwiko mbele, glasi moja kila mkono, nusu ya povu imemwagikia mikono ya sweta yake, huku akimwomba radhi mtu aliyemkanyaga.

Akazitua mezani.

"Samahani, ba'mkubwa," alisema. "Foleni ndefu."

Kel aliipokea yake kwa mikono miwili, na hakuweza kuinywa mara moja.

"Si neno, mwanangu," alisema. "Wala sikuwa na haraka."